Salamu Zilizokwama

Saa nane ilipokaribia, fundi cherehani alisimamisha cherehani yake, akaipangusa redio kwa kipande cha bitana, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo kama mtu anayemkalisha mgeni wa heshima. Wateja waliokuwa wakisubiri kupimwa wakasogezewa benchi. Mama yake fundi hakuhitaji kusogezewa kitu. Alikuwa ameshajichimbia kwenye kiti kilicho karibu kabisa na spika, mikono mapajani, macho ameyafumba, kama alivyofanya kila mchana tangu alipokuja kukaa kwa mwanawe ili awe karibu na hospitali alikolazwa mumewe.

Mke wa fundi alisimama kwenye mlango wa chumba cha kulala. Chumba hicho ndicho kilichokuwa ofisi yake: meza ya kukunja, kompyuta, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Mtaani walimwita Bi Kompyuta. Jina hilo lilianza kwa kejeli, maana watu hawakuelewa ni kazi gani mtu anaifanya akiwa amevaa malapa, kisha likazoeleka mpaka mumewe naye akawa analitumia anapotaka kumchekesha.

Leo kejeli ingegeuka sifa. Redio ya mji ilikuwa imemchukua kwa majaribio aandike programu ya kuendesha kipindi cha salamu. Wasikilizaji wanatuma sauti zao kwa simu. Programu inazipokea, inazisafisha, inazitanguliza kwa maneno ya kukaribisha yanayosemwa na sauti ya mashine, kisha inazirusha hewani moja baada ya nyingine. Aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Groovy, na kazi za sulubu, kama kukata sauti na kuziunganisha, aliziachia skripti za shell, yale mafaili mafupi ya amri ambayo mashine huyatekeleza mstari kwa mstari. Hapo chumbani ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Juzi alikwenda kuijaribu kwenye mashine ya redioni kwa mkono wake, nako ikakubali.

"Tunasikiliza mpira?" mteja mmoja aliuliza.

"Unasikiliza kazi ya mke wangu," fundi akamjibu, na shingo yake ikarefuka kidogo.

Muziki wa kipindi ukapiga, ukafifia. Sauti ya mashine ikaingia, nyororo, yenye adabu zake zote.

"Hii ni Redio Nuli. Karibuni katika kipindi cha salamu cha Redio Nuli."

Kimya. Kimya cha kutosha mtu kumeza mate na kugeuka kumtazama jirani yake. Halafu tena: "Hii ni Redio Nuli. Karibuni katika kipindi cha salamu cha Redio Nuli." Kimya. Ikawa hivyo hivyo, inakaribisha watu na haiwapi kitu, mpaka mtangazaji wa zamu alipoivamia hewa akihema, akaomba radhi na kuweka muziki.

Mteja wa kwanza alijitahidi asicheke. Wa pili hakujitahidi.

"Nuli ndiyo nini?" aliuliza mama mkwe bila kufumbua macho.

Bi Kompyuta alihisi masikio yake yanawaka moto. "Ni neno la kompyuta, Mama. Ukiiomba kitu ambacho haina, ndivyo inavyojibu. Maana yake hakuna kitu."

"Basi haikusema uongo," alisema mama mkwe, akainuka, akaenda zake uani.

* * *

Simu ya meneja iliingia kabla fundi hajamaliza kupima kiuno cha mteja.

"Dada," meneja alisema, na mtu akianza na neno dada kwa sauti ile ujue hana undugu na wewe siku hiyo. "Wenye matangazo ya biashara wananipigia. Mmoja ananiuliza kama nimebadilisha jina la redio bila kumwarifu. Mwingine anacheka tu, halafu anakata."

"Naomba uniachie mpaka kesho, bosi."

"Kesho saa nane. Ikisema tena hilo neno, nairudisha ile kampuni ya kompyuta ya mwanzo na sisi tutaachana kwa wema."

Habari za mtaani hazina miguu lakini hufika kabla yako. Bi Kompyuta alipokwenda dukani kununua sabuni, muuza duka alimkabidhi chenji akisema, "Asante kwa kutusikiliza, hapa ni Duka Nuli." Watoto waliokuwa wakiruka kamba walishalitungia neno hilo wimbo. Akacheka nao, akajikaza kisabuni, akarudi nyumbani akiwa ameshika ile sabuni kwa nguvu hadi karatasi yake ikachanika.

Mumewe alimkuta ameinamia kompyuta. Akamwekea chai mezani, akasimama nyuma yake, hajui ashike wapi.

"Si ulinionyesha hapa ikisema jina la redio sawasawa?"

"Hapa inasema. Kule haisemi. Ndicho kinachoniua."

"Labda mashine yao ni mbovu."

"Mashine haina tatizo. Mimi ndiye niliyekula ng'ombe mzima nikashindwa na mkia."

Fundi alifikiri. "Mkia una nyama nzuri," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane mkewe akacheka kicheko cha kweli.

Jua lilipoanza kulegea, alitoka uani kuanua nguo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni. Siku nyingine angesema, "Leo umebanduka kwenye kiti?" Leo alipokea nguo moja moja na kuzikunja. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka:

"Zile salamu zilizokuwa ndani ya mashine yako, zimepotea?"

"Hazijapotea, Mama. Zimo. Zimekwama tu."

"Zote?"

"Zote."

Mama mkwe alikunja shati la mwanawe mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. "Na yangu imo."

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Kwenye ulimwengu wa salamu mama huyu alikuwa mtu mkubwa. Alijiita Mama Chemchemi, na wasikilizaji wa pande zote waliijua sauti yake nzito na jumbe zake za mwisho zenye miiba. Mumewe, dereva wa treni mstaafu, alijiita Baba Reli. Lakini sasa mama alikuwa amelitazama shati kwa muda mrefu mno.

"Ni ya Baba?"

"Mimi na yeye hatusemi," alisema mama mkwe. "Nyie mnadhani nakwenda hospitali kila asubuhi. Nakwenda, nakaa kwenye benchi la nje, narudi."

Akaeleza, kidogo kidogo. Mzee alivunjika nyonga, akapasuliwa, upasuaji ukaenda vizuri. Wauguzi walimletea kile kigari cha chuma cha kujifunzia kutembea, akakataa kukigusa. Kila siku kesho, kila siku kesho. Mkewe akamchoka, akamwambia mbele ya wodi nzima kwamba amekuwa gunia la viazi linalosubiri wapagazi. Wodi ikacheka. Mzee akageukia ukutani, na tangu siku ile amewaambia wauguzi kwamba yule mama akija waseme amelala.

"Neno limenitoka, mwanangu. Nami kwenda kupiga magoti mbele ya wanaume wote wale siwezi, nimejaribu, miguu inagoma mlangoni. Nikasema nimtumie salamu. Saa nane wauguzi wanawafungulia redio, naye hata awe amenuna vipi salamu hazimpiti." Akamtazama mkwewe moja kwa moja, pengine kwa mara ya kwanza tangu aje. "Nilikuwa nikidhani unacheza humo chumbani. Kumbe umemshika mume wangu mkononi."

Bi Kompyuta alianua shuka la mwisho. Akabeba nguo. "Kesho asubuhi nakwenda redioni, Mama."

"Tunakwenda," alisema mama mkwe.

* * *

Redio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Meneja, kijana aliyefunga tai mapema mno kwa saa ile, aliwaonyesha benchi la korido na kumwambia Bi Kompyuta asubiri, ana kikao. Kikao hicho kilikuwa cha yeye na simu yake, mlango ukiwa wazi. Waliona viatu vyake juu ya meza.

"Ndivyo unavyofanyiwa kila siku?" aliuliza mama mkwe kwa sauti ambayo haikujua kunong'ona.

Mlango wa studio ukafunguka. Akachungulia mtangazaji wa salamu, mzee mnene mwenye miwani shingoni.

"Nani amesema hivyo? Sema tena, mama."

"Nimeuliza kama ndivyo anavyofanyiwa kila siku."

"Mama Chemchemi," alisema mtangazaji, taratibu, kama mtu aliyekutana na jina la mji alikozaliwa. "Kumbe una uso."

Ndani ya muda mfupi mama mkwe alikuwa ameketi kwenye sofa la wageni wa studio, ana kikombe cha chai na sahani ya biskuti, fundi mitambo na mfagiaji wamemzunguka wakitaka kujua ni kweli alimjibu yule msalimiaji mwenzake, Bwana Kifaru, kwa ujumbe ule wa mwaka juzi. Meneja alikatiza kikao chake akaja kumpa mkono. Bi Kompyuta yeye alipelekwa kwenye stoo ilikokaa mashine, katikati ya ndoo na mafagio, akapewa kiti cha plastiki chenye ufa ambacho kikikaliwa vibaya kinakuuma paja.

Akakaa vizuri, akaanza kazi.

Kilichokuwa kinakosekana alikijua tangu jana. Jina la redio hakuliandika ndani ya programu yenyewe, wala mahali sauti zinapotunzwa, wala nywila. Vitu vya namna hiyo huwekwa nje, kwenye mashine, na huitwa vigezo vya mazingira. Programu ikiamka inavisoma hukohuko ilikoamkia. Ilimradi vipo, programu moja inaweza kutumika kwenye redio hata kumi. Kumbe programu ilikuwa ikiomba jina la redio na kuambiwa hakuna kitu, nayo kwa utiifu wake ikalitangaza hilo hakuna kitu kwa mji mzima.

Usiku aliwaza dawa, na asubuhi ilionekana bado ni dawa. Akaandika skripti fupi yenye kazi moja tu, kuviweka vile vigezo. Akaiambia programu ya Groovy iiendeshe kwanza kabla ya jambo lolote. Akaizima mashine, akaiwasha, akavaa vipokea sauti masikioni.

"Hii ni Redio Nuli."

Alivua vipokea sauti akavitazama kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyomsaliti. Akaiendesha skripti kwa mkono: vigezo vikakaa. Akaiendesha kupitia programu: hakuna. Akarudia, maana binadamu akichanganyikiwa hurudia. Hakuna.

Meneja alipitisha kichwa. "Tunaendeleaje?"

"Naendelea."

"Kuna mtu wa ile kampuni yupo hapa chini. Nimemwambia asiende mbali."

Alipoondoka, Bi Kompyuta aliivuta kibodi karibu. Kisha akafanya jambo ambalo angelifanya mwanzo kama si kiherehere. Aliacha kuiuliza programu kuhusu jina la redio, akaiomba imwonyeshe vigezo vyote inavyoviona, vyovyote vile. Orodha ikaja. Ilikuwa fupi, na haikuwa ya nyumba anayoijua. Jina lake halimo. Njia zake za kufikia mafaili hazimo. Hata jina la mtumiaji lilikuwa la mtu mwingine, mtumiaji ambaye mashine imejiundia yenyewe kwa kazi zake.

Akaegemea nyuma, kiti kikamuuma paja, hakusikia.

Juzi alipoijaribu hapa, ni yeye aliyeingia kwenye mashine kwa jina lake, na kuingia kwake ndiko kulikovileta vigezo vyake. Lakini kila siku si yeye anayeiamsha programu. Inaamshwa na mashine yenyewe, na mashine haikuwahi kuambiwa chochote. Na ile skripti? Hapo alijipiga kipaji cha uso kwa kiganja, polepole. Programu ikiendesha skripti, inakuwa imezaa. Mtoto hurithi vigezo vya mzazi wake. Lakini akiweka vyake vipya, vinakaa kwake, na akimaliza kazi anakufa navyo. Mzazi hapati hata kimoja.

"Umepata?" Mama mkwe alikuwa mlangoni na biskuti mbili kwenye kitambaa.

"Nimepata, Mama. Nilikuwa namtuma mtoto akamvishe mzazi nguo. Haiwezekani humu. Mzazi avae kwanza mwenyewe, ndipo wanawe wote watoke wamevaa."

"Na huyo mzazi anavishwa na nani?"

"Na yule anayemwamsha."

Mama mkwe alitafuna hilo pamoja na biskuti aliyokuwa amemletea mkwewe. "Sijaelewa hata kidogo," akasema kwa furaha, "lakini uso wako umerudi. Kula."

Akaviandika vigezo kwenye faili la huduma, mahali mashine inaposoma maagizo yake inapoiamsha programu. Akawasha. "Hii ni Redio ya Mji Wetu," ikasema ile sauti. "Karibuni katika kipindi cha salamu cha Redio ya Mji Wetu." Na baada ya hapo, kimya kilekile.

Ukutani saa ilikuwa imeshavuka saba.

Lakini sasa hakuogopa kama mwanzo, maana alijua anashughulika na nyumba ya mtu mwingine, na kwenye nyumba ya mtu unabisha hodi kila mlango. Skripti za kuunganisha sauti hazikuwa zikifanya kazi, nazo hazikulalamika. Au zililalamika? Akaufungua mstari wa programu unaoziendesha, akauona ufundi wake mwenyewe: aliiambia Groovy izitume skripti, asiiambie izisubiri wala isikilize zinajibu nini. Funika kombe mwanaharamu apite. Akaongeza maneno machache: subiri amalize, uliza amemaliza salama au la, na kama ana neno la lawama lisome kwa sauti.

Lawama ikaja papo hapo, nyepesi kiasi kwamba alicheka peke yake kati ya mafagio. Ruhusa imekataliwa. Yule mtumiaji wa mashine hakupewa ruhusa ya kuziendesha skripti. Alikuwa amesimama mlangoni tangu jana, na kila alipobisha hakuna aliyemsikia.

Akampa ruhusa. Kisha akaongeza jambo la mwisho: jina la redio likikosekana siku yoyote, programu isithubutu kusema neno hewani; ikatae kuanza, imwite mtu.

* * *

Saa nane, meneja, fundi mitambo na mfagiaji walikuwa wamebanana kwenye kioo cha studio. Mtangazaji alikaa mbele ya maikrofoni, mkono kwenye swichi, tayari kuiokoa hewa. Mtu wa ile kampuni alikuwa amepanda naye, akasimama nyuma na mkoba wake. Mama Chemchemi alibaki kwenye sofa, macho ameyafumba.

Muziki ukafifia. Sauti ya mashine ikakaribisha watu kwenye redio yao kwa jina lake kamili. Salamu za kwanza zikatoka, za mwanamke aliyewasalimu mashemeji zake wote na kumruka mmoja. Za pili zikafuata bila pengo. Mtangazaji akaondoa mkono kwenye swichi, akautumia kufuta miwani. Mtu wa kampuni akamwambia Bi Kompyuta kwa sauti ya chini, "Vigezo umeviweka kwenye faili la huduma?" Akaitikia. Akasema, "Hilo limewahi kunitoa jasho wiki nzima," akampa mkono, akashuka ngazi.

Halafu ikaja sauti nzito ambayo mji mzima unaijua.

"Mimi ni Mama Chemchemi. Leo siwasalimu wengi, mnisamehe, zenu zipo. Namsalimu mtu mmoja, Baba Reli, aliye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Baba Reli, umenipa kisogo. Kisogo chako si kigeni kwangu, nimekitazama miaka yote ukiondoka na treni, ila siku zile nilijua utarudi. Kiti chako nyumbani hakikaliwi. Paka alijaribu, nikamfukuza. Daktari anasema nyonga imeunga. Kilichobaki kimevunjika nimekivunja mimi kwa mdomo huu, nami nimekuja nao huohuo kukiunga. Usisimame kwa ajili ya daktari. Simama kwa sababu mimi kuzeeka peke yangu siwezi, sijui hata pa kuanzia. Ujumbe wangu: treni ikichelewa, abiria mwenye akili haendi nyumbani."

Mfagiaji alipenga kamasi. Mama Chemchemi alifumbua macho, akaona watu wote wanamtazama, akajifunga mtandio.

"Nilikohoa pale katikati," akasema. "Hukunikata kikohozi?"

"Skripti imekikata, Mama."

"Skripti ina adabu."

Meneja alisubiri wengine watawanyike. "Dada," akaanza, na sasa neno lilikuwa na undugu kiasi. "Kuanzia kesho ukija, hutakaa stoo. Tutazungumza mkataba. Mkataba wa kweli." Akakohoa. "Na kile kiti nitakitupa mwenyewe."

"Kitupe leo," alisema mama mkwe akipita.

* * *

Walimpitia fundi nyumbani. Alikuwa amewafungulia wateja redio kwa sauti ya juu kabisa, na yule aliyecheka jana alikuwa ameagiza suruali ya pili, labda kwa aibu. Wakaenda hospitali wote watatu, kwa miguu. Kadiri geti lilivyokaribia ndivyo hatua za mama zilivyofupika. Penye lile benchi la nje akataka kukaa.

"Leo hapana, Mama," alisema Bi Kompyuta, akamshika kiwiko.

Wodini kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa upande. Mama Chemchemi alisimama kama aliyepigwa kibao. Fundi akawahi kumdaka. Bi Kompyuta aligeuka kutafuta muuguzi, na kabla hajaita alisikia sauti ya kizee ikifoka kwenye korido ya nyuma.

"Nimekuambia nitafika kaunta. Usinishike. Niliendesha mabehewa mangapi peke yangu, nishindwe kujiendesha mwenyewe?"

Baba Reli alikuwa katikati ya korido, amekikamata kigari cha chuma kwa mikono miwili, gauni la hospitali limekaa upande. Muuguzi mmoja alimfuata nyuma, mikono wazi kama mtu anayefukuza kuku, mwenzake akivuta kiti. Wagonjwa wa wodi nzima walikuwa wamejazana mlangoni wakimpigia makofi kila anapovuta mguu. Alitaka kufika kwenye simu ya kaunta, akawapigie watu wa salamu, na hakutaka apigiwe na mtu.

Alipomwona mkewe alisimama. Mama naye alisimama. Makofi yakakatika.

"Umekuja," alisema mzee.

"Nilikuwepo."

"Najua. Dirisha langu linaona benchi." Akahamisha uzito kwenye mguu mzima, akamgeukia mkwewe. "Wewe, mwanangu, ndiye mwenye ile mashine. Inapokea salamu za mtu aliyesimama?"

"Inapokea, Baba."

"Basi toa simu. Na nyie mletao kiti, kaeni nacho."

Bi Kompyuta akashika simu mbele ya kinywa chake. Baba Reli alisafisha koo, akajitambulisha kwa jina lote, akaanza kuwasalimu wenzake wa wodi kitanda kwa kitanda, pamoja na maradhi yao, mpaka wengine wakalalamika. Akaingia kwa wauguzi. Akaingia kwa mpishi wa hospitali, ambaye alikuwa na neno naye. Magoti yalianza kumtetemeka, na kigari kikawa kinagonga sakafu.

"Fupisha," alinong'ona Mama Chemchemi.

"Mtu akiwa hewani hakatizwi."

"Huko hewani utaanguka."

"Nitaanguka nikiwa nimemaliza. Sijafika kwako."

Mama akasogea, akaingiza bega lake chini ya kwapa la mumewe, akamshika kiunoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamrekebishia gauni. "Haya, nifikie."

"Mke wangu," alisema Baba Reli kwenye simu, halafu akasahau alichotaka kusema, akabaki anapumua. Mama akamwambia aseme basi, watu wanasubiri. Akamjibu yeye ndiye aliyemchanganya kwa kumsogelea. Mama akasema kama ni hivyo atasogea mbali. Mzee akasema asithubutu. Wodi ikacheka, na wao wenyewe wakaanza kucheka, mzee akiwa amemwegemea mkewe kwa uzito wake wote na miguu yake miwili ikiwa chini.

Fundi alimtazama mkewe, akamwonyesha kwa kidole kitufe cha kusimamishia. Bi Kompyuta akatikisa kichwa, akaisogeza simu karibu nao zaidi.